GIMP 2.8 na Kosa la Kuifunga Amri ya Kuhifadhi

Miongoni mwa programu za bure ambazo mhariri wa picha hukimbilia anaposhindwa kumudu ada ya Photoshop, GIMP ni ya siku nyingi na inajulikana kuliko nyingi. Ndiyo maana uamuzi uliofanywa katika toleo la 2.8, lililotoka Mei 2012, haustahili kutafutiwa udhuru: amri ya Hifadhi, ambayo hadi wakati huo iliandika faili ya aina yoyote aliyoitaka mtumiaji, ilifungwa ikabaki kuandika XCF peke yake, yaani muundo wa GIMP yenyewe unaotunza tabaka zote za picha. Mengine katika toleo hilo, kama vile hiari ya dirisha moja, makundi ya tabaka na uandishi wa maneno juu ya picha yenyewe, yalifanywa vizuri.

Mtumiaji aliyefungua picha ya JPEG ili apunguze kingo na kuongeza mwanga kidogo, kisha akabonyeza Ctrl na S kama alivyozoea, aliletewa kisanduku chenye jina linaloishia na .xcf. Alipolifuta na kuandika .jpg kwa mkono wake, programu, ambayo bila shaka ilielewa anachotaka, ilimjibu kwamba kisanduku hicho ni cha XCF tu na kumwelekeza kwenye amri nyingine, ile ya kutoa faili kwa miundo ya nje. Alipokwenda huko, akapata JPEG yake na kutaka kufunga picha, alionywa kwamba mabadiliko yake hayajahifadhiwa, ilhali faili ilikuwa imeshaandikwa kwenye diski. Juu ya hayo iliongezwa amri ya tatu, ya kuandika juu ya faili ya awali, na kuongezwa kwake kunaonyesha kwamba wabunifu wenyewe walijua kazi hiyo ndogo ipo na ina wenyewe.

Hoja ya utetezi inafahamika: JPEG hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu ya taarifa za picha, tena haina tabaka, kwa hiyo anayeitumia kama hifadhi hupoteza kazi yake. Hatari hiyo ni ya kweli, lakini toleo la 2.6 lilikwisha kuizingatia, kwa kuwa lilimwarifu mtumiaji kwamba tabaka zitaunganishwa kabla ya JPEG kuandikwa. Krita, programu ya bure ya uchoraji, nayo huandika PNG kwa amri yake ya kawaida ya kuhifadhi na kutaja kitakachopotea. Onyo lilitosha, kukataza kulizidi.

Spencer Kimball na Peter Mattis, wanafunzi wa Berkeley walioanza kuiandika GIMP mwaka 1995, walikuwa na desturi tofauti: Motif, maktaba ya kibiashara ya kuchorea madirisha na vitufe, ilipowakwaza, waliandika ya kwao, GTK, na kizuizi kikaondoka kwa kila mtu. Warithi wao hawakuwa na haraka ya namna hiyo hata katika jambo zito zaidi, kwani Film Gimp, tawi lililotengenezwa kwa ajili ya studio za filamu, lilikuwa na biti 16 kwa kila chaneli ya rangi, yaani viwango 65,536 badala ya 256 vya biti 8, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, huku GIMP yenyewe ikisubiri hadi toleo la 2.10 la mwaka 2018. Muda uliotumika kumfunza mtumiaji adabu ya kuhifadhi ungefaa zaidi huko.

Toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025, na katazo likabaki palepale. Msomaji anayehariri picha za JPEG kila siku na aingie kwenye menyu ya kuhariri, afungue orodha ya vitufe vya mkato, aiondolee Hifadhi ile Ctrl na S, kisha aipe amri ya kuandika juu ya faili ya awali.