Ngoma Isiyo na Mpigaji

Wengi wetu hapa Toronto tuna vijana nyumbani wanaopenda vitabu vya katuni vya zamani, hasa vile vya kutisha. Safari hii tumtazame mwanamuziki mmoja wa vitabu hivyo ambaye mlio wake tunausikia lakini yeye hatumwoni: mpiga ngoma wa Brother Voodoo.

Brother Voodoo alitokea mara ya kwanza katika Strange Tales namba 169, Septemba 1973. Mwandishi ni Len Wein, mchoraji Gene Colan. Shujaa huyu ni Jericho Drumm, mwanasaikolojia wa Kihaiti aliyeishi Marekani miaka mingi. Anarudi kwao na kumkuta pacha wake, Daniel, aliyekuwa mganga, yuko mahututi kwa uchawi. Baada ya msiba anakwenda kwa mzee aitwaye Papa Jambo, anafundishwa, na roho ya pacha wake inaunganishwa na yake. Tangu hapo, anapotokea, moshi hutanda na ngoma hulia.

Tuanze na sifa. Mweusi msomi mwenye hadithi yake mwenyewe alikuwa adimu katika katuni za wakati ule. Na Colan ni fundi wa kivuli. Moshi wake unakaribia kunusika.

Lakini nani anapiga ngoma ile? Hakuna mtu. Inatoka hewani, kazi yake kututisha tu. Hata Jambo, neno ambalo kwetu ni salamu, limewekwa pale kwa sababu linasikika kigeni.

Haiti halisi ina wapigaji. Katika ibada za Vodou mna ngoma tatu, manman, segon na boula, na kila moja ina fundi wake. Mwaka 1941 Kanisa liliendesha kampeni dhidi ya dini hiyo, na ngoma nyingi zikachomwa moto. Damballah, ambaye Wahaiti humheshimu kama roho wa amani, katika katuni hii jina lake amepewa mchawi muuaji.

Sisi watu wa pwani jambo hili tunalielewa bila mkalimani. Kwenye kupunga pepo, kila pepo ana ngoma yake, na mpigaji akikosea mapigo, pepo hapandi. Mpigaji anajulikana ni mtoto wa nani, na analipwa.

Waliokulia Tanzania wanamkumbuka pia Mzee Morris Nyunyusa, ambaye ngoma zake zilitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania. Alikuwa kipofu. Wasikilizaji wengi hawakumwona hata siku moja, lakini jina lake walilijua. Kwa hiyo kutoonekana kwa mpigaji si kosa. Kosa ni kudhani ngoma inaweza kulia bila mtu.

Wakubwa wa zama zile walikuwa na wasiwasi mwingine. Kanada ilipiga marufuku katuni za uhalifu mwaka 1949, na kifungu hicho kikafutwa 2018 tu. Kanuni za wachapishaji wa Marekani za mwaka 1954 zilikataza misukule; hata zilipolegezwa 1971, neno zombi liliendelea kukataliwa, ndipo kampuni ya Marvel ikaandika "zuvembie". Jina la maiti lilijadiliwa kwa makini. Jina la mpiga ngoma hakuna aliyeliuliza.

Sishauri tuwanyang'anye vijana vitabu hivi. Hadithi ni tamu, na marufuku hunogesha zaidi. Tusome nao. Wakifika penye moshi na mlio, tuwaulize: huyu anayepiga ni nani, na amejifunza kwa nani? Kisha tuwapeleke kwenye kanivali ya Karibiani ya hapa mjini, iliyoanza 1967, wawaone wapigaji mchana kweupe, wakitokwa jasho. Mtoto anayejua kwamba nyuma ya ngoma kuna fundi hatauonea haya mlio wa kwao darasani wenzake wakiucheka.