Mahindi kwanza, proteini baadaye: kupima chakula cha mbwa kinachofika Kolwezi

Mwanzoni mwa 2011, mbwa wengi katika mkoa wa Gauteng, Afrika Kusini, walianza kukataa chakula na kutapika, kisha fizi na macho yakageuka manjano. Ini ndilo lililokuwa limeharibika. Sampuli za chakula cha punje zilizopelekwa maabara zilikutwa na aflatoksini, sumu inayotokana na ukungu wa mahindi na karanga. Baadhi hazikuwa na kiwango cha kupimika, nyingine zilifika mikrogramu 4,946 kwa kilo, wakati kikomo cha Marekani kwa chakula cha mbwa ni mikrogramu 20. Inakadiriwa mbwa zaidi ya 220 walikufa. Chakula chenyewe kilikuwa cha bei nafuu, cha kununuliwa dukani kama kingine chochote.

Habari hiyo inatuhusu moja kwa moja. Bidhaa nyingi za madukani hapa Kolwezi hupanda kutoka Afrika Kusini, zikavuka Zambia na kuingilia mpaka wa Kasumbalesa, na mifuko ya chakula cha mbwa imo ndani ya malori hayohayo. Wanaoinunua ni kampuni za ulinzi zinazoweka mbwa kwenye uzio wa migodi, na pia wenye nyumba wa Manika na Dilala ambao mbwa wao hukesha getini pamoja na zamu. Wengi huchagua mfuko kwa vitu viwili: bei, na asilimia ya proteini iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Bei nitairudia. Asilimia ya proteini ndiyo inayopewa imani isiyostahili.

Kinachoandikwa mfukoni ni proteini ghafi, na maabara haikuipima proteini yenyewe. Njia iliyobuniwa na Johan Kjeldahl mwaka 1883, katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg huko Copenhagen, huchemsha sampuli katika asidi kali ya salfa hadi nitrojeni yake iweze kutolewa kama amonia na kupimwa. Jibu huzidishwa kwa 6.25, kwa kuwa karibu asilimia 16 ya uzito wa proteini ni nitrojeni. Ni kazi safi ya kikemia, na bado inatumika. Ila haiulizi nitrojeni imetoka wapi. Nyama ya ng'ombe ina nitrojeni. Manyoya ya kuku na kwato zinayo pia, na tumbo la mbwa hupata kidogo sana humo.

Mwaka 2007 pengo hilo lilitumiwa kwa makusudi. Unga uliotoka China na kuuzwa Amerika Kaskazini kama gluteni ya ngano ulikuwa umetiwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki ngumu. Theluthi mbili za uzito wa melamini ni nitrojeni, kwa hiyo gramu moja yake husomeka maabara kama gramu nne na zaidi za proteini. Melamini ilipokutana na asidi ya sianuriki iliyokuwemo humo humo, fuwele zilijijenga ndani ya figo za mbwa na paka. Tarehe 16 Machi 2007 kampuni ya Menu Foods ilitangaza kurudisha bidhaa zake, na makopo na pakiti zipatazo milioni 60 zikaondolewa sokoni. Mwaka uliofuata melamini ikakutwa katika maziwa ya watoto wachanga huko China. Huko nako maziwa yalikuwa yameongezwa maji, na kemikali ikatiwa ili kipimo cha nitrojeni kisishtuke.

Kwa hiyo asilimia ya proteini isomwe kama sharti la chini tu. Viwango vya Marekani vinataka angalau asilimia 18 kwa mbwa mzima na 22.5 kwa mtoto wa mbwa au jike mwenye mimba, zote zikihesabiwa baada ya kuondoa maji. Kuondoa maji ni hatua ambayo wanunuzi wengi huiruka. Kopo lenye proteini asilimia 8 na unyevu asilimia 78 linaonekana maskini kando ya mfuko wa asilimia 18, lakini gawa 8 kwa 22 iliyobaki: ni asilimia 36. Mfuko wa punje wenye unyevu asilimia 10 unabaki na asilimia 20 tu.

Baada ya namba, soma orodha ya viungo. Hupangwa kwa uzito, kinachozidi kikitangulia. Mifuko ya bei ya chini mara nyingi huanza na mahindi, na hilo peke yake si kosa. Mbwa humeng'enya vizuri wanga wa mahindi yaliyopikwa. Mbwa wengi wa Manika wamekulia bukari yenye ndagala juu, na ndagala anayeliwa mzima na mifupa yake huleta proteini na kalsiamu ambayo bukari haina. Ninachoangalia ni kama mahindi yamegawanywa majina: mahindi hapa, pumba za mahindi pale, gluteni ya mahindi mstari wa chini, ili unga wa nyama upande juu ya orodha. Ukiyajumlisha unajua ulichonunua. Angalia na majivu. Yakikaribia asilimia 10 au kupita, huenda unga wa nyama uliotumika una mifupa mingi, na kwa mtoto wa mbwa wa jamii kubwa kalsiamu iliyozidi huharibu ukuaji wa mifupa.

Lakini hakuna mstari wa lebo unaokwambia mahindi hayo yalikuwa na hali gani. Ukungu wa Aspergillus flavus huanzia shambani, hasa ukame ukiyakuta mahindi yanakomaa, na huendelea ghalani yakihifadhiwa na unyevu. Watu wa mashariki mwa Kenya waliyaona haya mwaka 2004: wagonjwa 317 waliandikishwa na 125 wakafa kwa mahindi yaliyovunda. Kiwandani mchanganyiko hupikwa kwa mvuke na shinikizo, ukasukumwa kwenye tundu na kukatwa punje. Moto huo huua ukungu. Sumu yenyewe hustahimili, na sehemu kubwa yake hupita salama hadi mfukoni. Baada ya kukauka, punje hunyunyiziwa mafuta na ladha ya ini au nyama.

Hapo ndipo kauli ya kawaida ya dukani inapoanguka. Muuzaji atakwambia, «Papa, hii mbwa anakula yote», na anasema kweli, kwa sababu anayeonja anaonja kile kilichonyunyiziwa juu. Ulafi wa siku ya kwanza haupimi kilichomo ndani ya punje. Mbwa aliyekuwa akikila chakula hichohicho kwa furaha, kisha ghafla akakiacha, ndiye anayetoa taarifa yenye uzito. Funga mfuko usimwage: loti iliyoandikwa pale na kilo chache zilizobaki ndizo zitakazomwezesha daktari wa mifugo kujua kama tatizo ni chakula.

Mifuko ya Afrika Kusini ina alama moja ambayo wengi hapa hawaitazami: namba inayoanza na herufi V, pamoja na kutajwa kwa Sheria namba 36 ya 1947. Maana yake ni kwamba bidhaa imesajiliwa serikalini na mtengenezaji wake anajulikana. Mfuko usio na namba hiyo, au ulioshonwa upya kwa uzi wa mkono, siununui kwa bei yoyote. Ila usajili huthibitisha fomula, hauthibitishi kila loti iliyotoka mashineni; sheria hiyo ilikuwapo miongo kadhaa kabla ya vifo vya Gauteng.

Kisha kuna safari. Kutoka Johannesburg hadi Kolwezi ni zaidi ya kilomita 2,000, na foleni ya malori Kasumbalesa inajulikana na kila dereva. Mfuko uliokaa chini ya turubai la moto, halafu ukaingia stoo yenye sakafu ya simenti wakati wa mvua, si ule uliotoka kiwandani. Mafuta yaliyonyunyiziwa huchacha na kuharibu vitamini, hasa vitamini E. Ukifungua, ingiza mkono hadi chini: punje zinapaswa kukatika kwa mlio, zisigandane, na harufu iwe ya nafaka na nyama. Harufu ya rangi ya mafuta ni ya mafuta yaliyochacha. Chakula kinachopimwa kwa kopo kutoka mfuko uliokaa wazi sokoni kimeshapoteza tarehe, loti na namba ya usajili, hata kama kilianza kikiwa kizuri.

Sasa bei. Chukua mifuko miwili ya kilo 20. Wa kwanza una proteini 18, mafuta 7, nyuzinyuzi 5, majivu 9 na unyevu 10. Kinachobaki, 51, ni wanga. Wa pili una 26, 14, 3, 7 na 10. Wanga ni 40. Kwa hesabu inayotumiwa na watengenezaji, gramu ya proteini au wanga hutoa kalori 3.5 na ya mafuta 8.5. Wa kwanza unatoa kama kalori 3,010 kwa kilo, wa pili 3,500. Mbwa mzima wa kilo 30 anahitaji karibu kalori 1,440 kwa siku, yaani gramu 480 za mfuko wa kwanza au 410 za wa pili. Mfuko wa kwanza unaisha baada ya siku 42, wa pili baada ya siku 49. Kwa hiyo mfuko dhaifu ukipungua bei kwa chini ya sehemu moja ya saba, ndio ulio ghali, kabla hata ya kuhesabu kinachotoka bila kumeng'enywa. Hicho nacho huonekana bila maabara: kinyesi kikiwa kingi na laini kila siku, chakula kinapita tu.

Mwenye mbwa wawili hawezi kupima aflatoksini. Kampuni inayolisha mbwa wa mgodi inaweza, na inanunua kwa tani. Iandike kwenye mkataba kwamba kila loti ije na cheti chake cha aflatoksini, chenye namba ileile iliyo mfukoni, na kwamba sampuli ichotwe kwenye mifuko mingi ya loti na kuchanganywa kabla ya kupimwa. Sumu hii haisambai sawasawa. Punje chache za mahindi zinaweza kubeba karibu yote, na gramu 50 kutoka mfuko mmoja zinaweza kutoka safi huku mfuko wa jirani ukiua. Cheti cha mwaka mzima kilichotolewa kwa sampuli moja kirudishwe kwa aliyekileta, pamoja na lori lake.