Kosa la Philipp

Daktari Heinrich Hoffmann wa mji wa Frankfurt, Ujerumani, alitunga kitabu cha watoto kiitwacho Struwwelpeter, kikatoka mara ya kwanza mwaka 1845. Katika kitabu hicho mna shairi fupi la mtoto aitwaye Philipp, asiyeweza kutulia mezani. Baba amwonya, mama atazama, hasemi neno. Philipp ayumbisha kiti, aanguka chali, avuta kitambaa cha meza. Chakula chote chamwagika, naye afunikwa gubigubi. Wazazi waghadhibika, na hadithi yaishia hapo.

Kwa ufundi, shairi hili lastahili sifa. Mtunzi alikuwa na jicho la tabibu, wala hakuongeza neno lisilo kazi. Ndiyo maana waandishi wengi humtaja Philipp waelezapo hali iitwayo ADHD, ambayo humzuia mtu kutulia na kukaza fikira. Lakini nalilaumu kwa jambo moja: lahesabu mahangaiko yake kuwa ukaidi mtupu, wala haliulizi sababu. Tena halituambii atakuwaje Philipp akiwa mtu mzima.

Katika siku zetu wataalamu wa Marekani, wakiongozwa na Nora Volkow, wameliuliza swali hilo. Mwaka 2009 walitangaza matokeo ya kupiga picha za ubongo za watu wazima 53 wenye hali hiyo, wasiotumia dawa yake, na kuzilinganisha na za wengine 44 wasio nayo. Dopamini ni kemikali ya ubongo inayomtia mtu hamu ya kutafuta tuzo. Kwa wale wenye ADHD, vipokezi vya dopamini vilionekana kuwa pungufu katika sehemu zinazohusika na tuzo. Mwaka 2011 wakaeleza zaidi: wenye hali hiyo walipojibu maswali juu ya tabia zao, ari yao ya kujitahidi na kufaulu ilikuwa ndogo kuliko ya wenzao, na kadiri vipokezi vilivyopungua, ndivyo ari nayo ilivyoelekea kupungua.

Hata hivyo, tusiyapokee haya bila kupima. Mambo mawili yaweza kuandamana pasipo moja kulizaa la pili, na watu waliopimwa walikuwa wachache. Wala mwanafunzi anayechoshwa na hesabu asijitangaze kuwa na ADHD. Hilo ni la daktari kuamua.

Lakini funzo lipo. Mimi mwenyewe, katika ripoti ya mwisho wa muhula, nimepata kumwandikia mwanafunzi neno “mvivu”. Nilidhani nimeeleza tabia yake, kumbe nilikata hukumu bila kuuliza, sawa na wazazi wa Philipp. Wahenga walinena, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Basi, msomaji, usomapo shairi hili, ufurahie ufundi wake. Kisha ukiinue kile kitambaa, umwulize aliye chini yake ana nini.