Pistoni mpya kwenye mlima wa Mushaki

Huko Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, pikipiki ndiyo lori, ndiyo teksi, na mgonjwa akizidiwa ndiyo machela. Kutoka Sake barabara inapanda kupitia Mushaki kwenye vilima vinavyofika mita 2,000. Upande wa Walikale inateremka hadi msituni, chini ya mita 1,000. Motari, yaani dereva wa pikipiki, aliyebadilisha pistoni ya pikipiki yake ya TVS hana pengine pa kufanyia rodaji, yaani kuizoesha pistoni mpya, ila humohumo, topeni na mawe yakimrukia.

Ushauri wa kale ni kwenda polepole kilomita elfu nzima. Ni nusu ya ukweli. Kinachotafuta kukaa mahali pake hasa ni ringi ya pistoni. Fundi mzuri huikwaruza silinda kwa jiwe la kunolea mpaka ukuta wake uonyeshe mistari inayokatana, mfano wa ukili wa mkeka. Mistari hiyo hushika mafuta ya injini, na kingo zake huilainisha ringi hadi ifuate umbo la silinda. Inayoibana ringi ukutani ni gesi ya mwako, inayopenya nyuma yake. Moto ukiwa hafifu siku zote, ringi haibani. Ukuta unang'aa kama kioo, na pikipiki inaanza kula mafuta na kutoa moshi wa buluu.

Joto nalo lina neno lake. Aluminiamu ya pistoni hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha silinda. Mpandishe motari na abiria wawili na gunia la viazi, mwendo wa konokono, upepo usipite kwenye mapezi ya injini: pistoni inavimba, inakwama, gurudumu la nyuma linaserereka.

Kwa hiyo mlima wenyewe unafaa, ila pikipiki iwe tupu. Gia ndogo, mkono wa mafuta unafunguliwa kwa sekunde chache, unaachiwa. Kwenye mteremko gia inabaki ndani na mkono umefungwa: silinda inanyonya mafuta ya injini kutoka chini, yanapoza na kuosha. Kisha injini inazimwa, inaachwa ipoe kabisa.

Baada ya makumi machache ya kilomita, mafuta ya injini yanamwagwa, hata kama bado yanaonekana mapya. Ukiyasugua kati ya vidole juani, utaona vumbi la chuma likimetameta. Gunia la kwanza hufungwa baada ya hapo, tena liwe jepesi.