Mrama si Kuzama

Walimu wengi tukiulizwa darasani maana ya "kwenda mrama", hujibu kwa neno moja: kuharibika. Jibu hilo si kosa, ila ni pungufu. Katika makala haya mafupi tunakusudia kuonyesha kilichoachwa.

Mrama ni nomino ya ngeli ya M-/MI-. Asili yake ni baharini: chombo kulalia ubavu huu, kikainuka, kikalalia ubavu wa pili. Tuchukue pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, kutoka Mocímboa da Praia hadi Palma, wanakozungumza Kimwani na Kiswahili. Jahazi linalopanda kaskazini wakati wa kusi hupata upepo na mawimbi kutoka nyuma, upande wa kulia. Likiwa jepesi, halina farumi ya kutosha, huenda mrama. Nahodha hupunguza tanga, huhamisha mzigo, na safari huendelea.

Hapo ndipo mrama unapotofautiana na jamaa zake. Mlevi hupepesuka, tawi lililoelemewa na matunda huwayawaya, kuyumba ni kwa wote. Kupinduka na kuzama ni mambo mengine kabisa.

Kwa hiyo, mwandishi anayesema "mkutano ulikwenda mrama", ilhali mkutano ulivunjika, ameuzamisha mapema. Atakayetujibu kuwa lugha hubadilika atakuwa amesema kweli. Lakini tukikubali maana mpya na kuisahau ya kwanza, tunapoteza neno la kitu kilichopoteza mizani na bado kinakwenda.

Hasara hiyo si ya kamusi tu. Palma iliposhambuliwa Machi 2021, maelfu walikimbia, wengi wao kwa vyombo vya baharini kuelekea mji wa Pemba wa huko huko Msumbiji. Kusema maisha yao "yalikwenda mrama", kwa maana ya kuharibika, ni kuwafungia hesabu. Baadaye wengi walirejea, ingawa mashambulizi hayakukoma mkoani. Kwa maana ya nahodha, neno linawafaa: wameyumbishwa sana, hawajazama.

Tunapendekeza mwalimu aanze na sentensi ya chombo, ndipo aje kwenye sitiari. Mwanafunzi aliyeuona ubavu ukilala na kuinuka hatauliza tena kwa nini mrama "huendwa".