Kwa Nini Linux Iliishia Sekta 240

Chomeka diski ya nje ya USB 2.0 kwenye kompyuta ya Linux, kisha usome faili /sys/block/sdb/device/max_sectors (ikiwa diski imepewa jina la sdb). Mara nyingi utakuta namba 240. Sekta moja huhesabiwa baiti 512, kwa hiyo amri moja ya kusoma au kuandika haibebi zaidi ya kilobaiti 120. Gigabaiti moja ya picha inahitaji amri 8,739, na kila moja hungoja iliyotangulia ijibiwe.

Mbona kidogo hivyo? Amri ya kawaida ya SCSI (lugha ya amri zinazotumwa kwa diski za USB), READ(10), ina biti 16 za kutaja idadi ya sekta, yaani hadi 65,535: karibu megabaiti 32 kwa mkupuo mmoja. Basi kikomo hakikutoka kwenye amri, wala kwenye kebo. Kilitoka ndani ya kasha la diski.

Makasha mengi ya zamani yana chipu inayopokea USB upande mmoja na kuzungumza IDE, kiolesura cha zamani cha diski, upande wa pili, na vidhibiti vya awali vya IDE vilihesabu sekta kwa rejista ya biti 8. Biti 8 hukomea 255, ndiyo maana ikakubalika kwamba sifuri isomwe kama 256. Ni mpango wa akili, ila unadai kila kifaa kikumbuke kwamba sifuri hii si sifuri, na vipo vilivyoshindwa hata kuzimudu hizo 256. Waandishi wa kiendeshi cha usb-storage wakashuka hadi 240, ili diski nyingi iwezekanavyo zifanye kazi. Kwa vifaa dhaifu zaidi, vinavyokwama hata kwa kilobaiti 64, kiendeshi kina orodha maalumu inayovishusha hadi sekta 64. Nauheshimu sana uamuzi huu. Mwenye diski ya bei rahisi hakuulizwa chipu yake ni ya nani. Data yake ililindwa tu.

Mifumo mingine ilikuwa na vikomo vyake. Katika majaribio ya watu wa Linux, Windows 7 ilikomea sekta 128 kwa USB 2 na USB 3, na Mac OS X 10.11 ikaenda 256 kwa USB 2, na 2,048 kwa USB 3.

Hiyo 2,048 ndiyo iliyonifanya nipige hesabu. Tuseme kila amri inapoteza nusu milisekunde kabla ya inayofuata kuanza. Kwa sekta 64, gigabaiti moja inapoteza sekunde 16 na kitu. Kwa 240, sekunde nne na kidogo. Kwa 2,048, nusu sekunde tu. Kwenye USB 2.0, ambako gigabaiti hiyo husafiri kwa zaidi ya sekunde 20, hizo nne ni za kuvumilika. Lakini USB 3.0 ya gigabiti 5 haivuki megabaiti 500 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo safari nzima ni sekunde mbili na ushei. Kungoja kungekuwa kurefu kuliko safari yenyewe! Ndiyo maana Linux nayo ikavipa vifaa vya USB 3 sekta 2,048, megabaiti nzima kwa amri moja. Kiendeshi kingine cha Linux, uas, kina njia tofauti: hupanga amri kadhaa kwenye foleni bila kungoja ya kwanza imalizike.

Mwenye diski ya USB 2.0 anaweza kupandisha mwenyewe:

echo 1024 | sudo tee /sys/block/sdb/device/max_sectors

Usijaribu kwenye diski yenye nakala pekee ya kazi yako. Nakili kwanza faili kubwa usiyoihitaji, toa diski, irudishe, uandike tena hiyo 1024, kisha linganisha sha256sum ya pande zote mbili. Diski isipotolewa, huenda unasoma kilichobaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Wakati huohuo fuatilia dmesg. Ukiona mstari wa «reset high-speed USB device» ukijirudia, chipu imezidiwa. Chomoa diski salama na uirudishe. Namba uliyoandika haihifadhiwi popote, na utaikuta 240 palepale.