Nani aliziweka fosfeti katikati?

Mwendo wa mwaka 1953 wa kulitafuta umbo la DNA siurudii hatua kwa hatua. Nataka tusimame kwenye uamuzi mmoja tu, wa mwanakemia Linus Pauling kuziweka fosfeti katikati ya DNA. Lilikuwa kosa la wazi. Kila nikiisoma upya makala aliyoiandika na mwenzake Robert Corey, iliyotoka Februari mwaka huo, nashindwa kumtetea, nami ni mtu niliyemtetea kwa mengi.

Utazameni mfano wenyewe. Nyuzi tatu zimesokotwa pamoja, fosfeti zimesongamana ndani, besi zimeelekea nje. Sasa jiulizeni fosfeti ikoje ndani ya seli hai. pH ya humo ni karibu 7, na fosfeti ya DNA huiachia haidrojeni yake mapema mno, pH ikiwa bado chini kabisa, kwenye 1 hivi. Maana yake ni kwamba kila fosfeti ndani ya seli ina chaji hasi. Ukizipanga safu tatu za chaji hasi katika kiini kimoja chembamba, zitasukumana hadi nyuzi zifumuke.

Pauling alifanyaje? Alizirudishia fosfeti haidrojeni zao, kisha akazitumia haidrojeni hizohizo kama vifungo vya kuzishika nyuzi tatu. Hapo ndipo kalamu yangu inapokataa kwenda mbele. Kitu ambacho jina lake ni asidi kilivuliwa uasidi wake ili mfano usimame. Ziondoe haidrojeni hizo, kama maji ya seli yanavyoziondoa kila siku, na hakuna tena kinachoushika msokoto. Hili si jambo la kuhitaji picha mpya ya eksirei. Ni kemia ya mwaka wa kwanza, na aliyelikosea ndiye aliyeandika kitabu ambacho wanafunzi wa mwaka wa kwanza walifundishiwa.

Idadi ya nyuzi tatu ilitoka wapi? Kwenye hesabu ya msongamano wa DNA. Alitegemea data na picha za zamani za eksirei za William Astbury, ambazo zilichanganya maumbo mawili ya DNA, lile kavu na lile lililolowa. Hesabu yake haikuyatoa maji, na maji yalikuwa karibu theluthi moja ya uzito wa sampuli. Yatoe, utabaki na nyuzi mbili. Vipimo vya Corey vya urefu wa vifungo vilikuwa makini, na yeye na Pauling wenyewe waliandika kwamba mfano haujathibitishwa. Hayo nawapa.

Najua mtaniletea habari ya pasipoti, kwamba kunyimwa pasipoti ndiko kulikomkosesha Pauling picha bora za DNA za London. Dai hilo ninalikataa. Ni kweli Marekani ilimnyima pasipoti, akaukosa mkutano wa London wa Mei 1952. Lakini kiangazi cha mwaka huohuo aliipata, akafika Uingereza, na hakwenda King's College kwa Rosalind Franklin, aliyekuwa akiichunguza DNA kwa picha za eksirei. Hata angekwenda, pasipoti haimfundishi mtu tabia ya fosfeti.

Kinachoniuma ni kwamba chaji ilikuwa nyumbani kwake. Mwaka 1949, yeye na wenzake akiwemo Harvey Itano waliipitisha hemoglobini katika uga wa umeme, wakaona ile ya wagonjwa wa selimundu inakwenda tofauti na ya wazima. Molekuli kubwa kiasi hicho, na tofauti yake ikaonekana kwa chaji chache tu! Baadaye Vernon Ingram alionyesha kwamba ni asidi amino moja iliyobadilika, glutamiki yenye chaji hasi ikapisha valini isiyo na chaji. Kwetu Afrika Mashariki, ambako Anthony Allison alifanya utafiti wa selimundu na malaria kati ya Kenya na Uganda, kazi ile ya 1949 ina uzito wa damu ya ndugu zetu. Mtu aliyetufundisha kwamba chaji inaweza kuamua maisha ya mtoto ndiye aliyeisahau miaka 3 baadaye.

Mpimeni na Pauling mwenyewe wa 1948, ambaye hadi leo sijaona wa kumfikia. Yuko Oxford, mafua yamemlaza kitandani, anachora mnyororo wa protini kwenye karatasi na kuikunja. Anashikilia jambo moja tu, kwamba kifungo cha peptidi ni bapa na hakizunguki. Msokoto wa alfa unajitokeza mkononi mwake, lakini mzunguko wake unatoka angstromu 5.4 wakati picha za Astbury za protini zinasema 5.1. Akasubiri hadi 1951 ndipo akachapisha. Wakubwa wa Cambridge, Bragg, Perutz na Kendrew, walikuwa wameorodhesha misokoto yao mwaka 1950 bila kuuona ubapa ule. Pauling wa DNA alianza mwishoni mwa Novemba 1952, na tarehe 31 Desemba makala ilikuwa imeshatumwa.

Tena kuna Erwin Chargaff, aliyezipima besi za DNA. Walisafiri meli moja mwishoni mwa 1947, Pauling hakumpenda, na takwimu zake zikawekwa kando. Adenini sawa na thaimini, guanini sawa na saitosini: ukizielekeza besi nje, usawa huo hauna kazi yoyote, kwa kuwa hakuna besi inayokutana na mwenzake.

Watson na Crick wa Cambridge, waliokuwa wakilitafuta umbo hilohilo, nao walizitia fosfeti ndani, Novemba 1951. Tofauti ni kwamba Franklin alikuja Cambridge, akautazama mfano wao na kuwauliza maji yako wapi, kwa sababu fosfeti lazima zikae nje yanakoweza kuzifikia. Vitabu vya shule vinaitaja picha namba 51, ile ya eksirei ya DNA kutoka kwa Franklin, na kuliacha hilo, na mimi sitaacha kulilalamikia. Mfano wao uliochapishwa Aprili 1953 ulizitoa fosfeti nje.

Mapema mwezi huo Pauling alifika Cambridge. Akaonyeshwa mfano wenye fosfeti nje, akaiona picha ya Franklin, akakubali.